Punda Huenda Bila Kigongo

Kuna methali moja ya Kiswahili ambayo leo naitangazia vita hadharani, na anayeitetea ajitokeze toleo lijalo tupambane kwa kalamu. Methali yenyewe ni hii: Punda haendi bila kigongo. Tumeimeza tangu shule ya msingi. Tumeitungia insha, tukawekewa alama ya vema kwa wino mwekundu, tukaenda nyumbani tukifurahi. Hakuna aliyewahi kunyoosha kidole na kuuliza: Mwalimu, hivi ni kweli?

Mimi nasema si kweli. Ni methali ya mtu aliyeshindwa kufundisha, halafu akamsingizia mwanafunzi. Na kwa kuwa sisi tunaojiita waandishi chipukizi ndio tunaoibeba kutoka kitabu hadi kitabu, nasi tuna deni katika kila kidonda kilichoko mgongoni mwa punda.

Ushahidi wangu mkubwa nautoa kwa farasi. Naam, farasi! Najua mtacheka. Kijana wa Kasulu, kidato cha nne kaishia hapa hapa, riwaya yake ya kwanza bado iko kwenye madaftari, ana habari gani za farasi? Jamani, kama tungeruhusiwa kuandika juu ya vitu tulivyovikalia tu, nusu ya fasihi ya dunia isingekuwako. Farasi sijampanda. Lakini kusoma najua, na ng'ombe nimewachunga.

Kweli, Kasulu farasi hakuna. Tuna ng'ombe wenye pembe ndefu, tuna mbuzi, tuna baiskeli inayopandishwa mlima na gunia la maharage nyuma. Kukosekana kwa farasi kuna sababu yake, nayo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mdudu huyu hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Farasi akiipata nagana hana maisha. Punda hujikongoja kidogo zaidi. Wazee wa Kasulu na Kibondo wanayajua haya bila kitabu, maana katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wengi wa Uha na kuwakusanya pamoja ili kuwatenga na mapori yenye mbung'o.

Lakini kabla hatujambebesha mbung'o lawama zote, tumsikilize Livingstone. Mwaka 1866 alishuka pwani ya kusini, jirani na mto Ruvuma, akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujua ni mnyama gani atastahimili mbung'o wa bara letu. Jaribio zuri, sivyo? Kumbe wale askari wa Kihindi aliowakabidhi wanyama waliwatandika, wakawabebesha kupita kiasi, wakawaacha na madonda. Wanyama wakafa mmoja baada ya mwingine. Livingstone akabaki analalamika katika shajara yake: atajuaje kama aliyeua ni mbung'o au ni fimbo?

Miaka mitano baadaye akaja Stanley kumtafuta Livingstone huyo huyo. Mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo na farasi 2 na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema, hata hawajafika mbali na pwani. Yeye mwenyewe alisonga mbele, na Novemba akapita Uha, ambako watawala wa Kiha walimtoza hongo ya vitambaa mpaka akaona heri awatoroke usiku kwa usiku. Kwa hiyo farasi wale wangejaliwa uhai, babu zetu wangewaona. Na katika kitabu chake Stanley hafichi kitu: mjeledi haukuwa wa wanyama tu. Wapagazi nao waliuonja. Shika neno hilo, ndugu msomaji, nitalirudia. Mkono uliozoea kumchapa punda haukawii kumpata mtu.

Sasa tugeuke upande wa pili wa shilingi. Kuna watu ambao kwa karne nyingi wamefundisha wanyama wakubwa kuliko punda mambo magumu kuliko kubeba mzigo, nao wakasisitiza kwamba kigongo ni ushahidi wa mwalimu kufeli.

Wa kwanza ninayemjua ni Mgiriki Xenophon, aliyeandika kitabu cha upandaji farasi miaka 350 hivi kabla ya Kristo. Alikuwa mwanajeshi, si mtu wa kudekeza. Lakini alisema kwamba farasi anayelazimishwa haelewi analolifanya, na uzuri wake ni kama wa mcheza ngoma anayecheza huku anachapwa. Hebu fikiria ngoma ya Kiha, watu wamejaa uwanjani, mchezaji anaruka kwa sababu nyuma yake yupo mtu na bakora. Nani atapiga vigelegele?

Baada yake pakajengeka taratibu sanaa ambayo Wazungu huiita dresaji, neno la Kifaransa lenye maana ya kufundisha mnyama. Mwaka 1733 Mfaransa François Robichon de la Guérinière alichapisha kitabu kilichokuja kuwa kama msahafu wa shule ile. Aliwaelekeza watu zoezi moja lisilo na mbwembwe: farasi anatembea huku mabega yake yakiingizwa kidogo ndani ya njia na miguu ya nyuma ikibaki kwenye mstari. Basi. Zoezi hilo linamlegeza mwili na kumfundisha kuingiza mguu wa nyuma chini ya tumbo lake. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu farasi kwa maumbile yake huweka uzito mwingi zaidi kwenye miguu ya mbele, na ukimpanda unamwongezea huko huko. Mafunzo yote mazuri yanamsaidia kuhamishia uzito nyuma, ili abebe mtu bila kuvunjika mgongo na magoti. Mwishowe anaweza kutroti mahali pamoja, kwa mdundo, bila kusogea. Kazi hiyo huchukua miaka. Si wiki mbili na bakora.

Katika Ureno sanaa hii imeng'ang'aniwa hadi leo, na farasi wake ni yule aitwaye Lusitano, jina lililotokana na Lusitania, jina ambalo Warumi waliipa sehemu ile. Si mrefu sana, shingo ameikunja, kifua kipana, wengi wana rangi ya kijivu. Alizaliwa kwa kazi za ng'ombe mashambani na kwa vita, akawa mwepesi kugeuka na mwepesi kuelewa. Mwaka 1748 mfalme wa Ureno alianzisha zizi la kuzalisha farasi hawa huko Alter do Chão. Mwaka 1979 ikaanzishwa Shule ya Kireno ya Sanaa ya Upandaji Farasi, na mwaka 2024 UNESCO ikaiingiza sanaa hiyo ya Wareno katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwalimu wao aliyetajwa sana karne iliyopita ni Nuno Oliveira, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1989. Watu walitoka nchi za mbali kwenda kumwona. Jambo alilosifiwa kuliko yote ni wepesi: hatamu zinaning'inia, mkono umetulia, na farasi bado anacheza.

Wanafanyaje? Hapa ndipo nataka wenye maksai na punda mfungue masikio, maana siri yenyewe haina gharama. Mwalimu anaomba jambo dogo kwa shinikizo dogo: mguu unagusa ubavu, au kidole kinafunga kidogo kwenye hatamu. Farasi akijaribu tu kuitika, hata nusu hatua, shinikizo linaachiliwa papo hapo. Kule kuachilia ndiko kunakomwambia 'ndiyo, hivyo hivyo'. Ukichelewa kuachilia, hajui amepatia nini. Ukiendelea kuvuta na kupiga baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida, na kesho atakuwa mgumu zaidi. Halafu somo linakuwa fupi. Linaishia pale mnyama alipofanya vizuri, si pale alipochoka. Na hapewi somo la pili kabla la kwanza halijamkaa.

Nasikia mtu anasema: 'Mshikaji, hayo ni mambo ya matajiri wenye suruali nyeupe. Tena Wareno! Umesahau Wareno?'

Sijasahau. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa wakaipora, kisha wakaichoma Mombasa. Historia hiyo tunaijua na hatuisamehi kirahisi. Hata farasi wao Lusitano hutumika katika mchezo wa kupigana na fahali uwanjani, na sidhani kama fahali anaona upole wowote pale. Sisemi Wareno ni malaika. Nasema wamehifadhi elimu moja nzuri, na elimu haina kabila. Mahindi na mihogo tunayokula Kasulu asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na Wareno walihusika kuileta Afrika. Mbona ugali hatuususii?

Kuhusu matajiri, hapo nakubali, na ndipo penye somo kali zaidi. Pesa na suruali nyeupe hazimzuii mtu kushika fimbo. Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, bingwa wa dresaji wa Uingereza, Charlotte Dujardin, mwenye medali sita za Olimpiki, alijitoa baada ya kutolewa video ikimwonyesha akimchapa farasi miguuni tena na tena wakati wa mafunzo. Alisimamishwa mwaka mzima. Mnaona? Hata huko penye mazizi yenye vigae, vita ni ile ile: mafunzo ya subira dhidi ya njia ya mkato. Kwa hiyo tusije tukadanganywa kwamba upole ni wa Mzungu na kigongo ni cha Mwafrika. Huo ni uongo mwingine.

Tena turudi kwa punda wetu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza Afrika ya Mashariki, kama miaka 7,000 iliyopita. Maana yake alifugwa kabla ya farasi huyu tunayemsifu! Punda ni mwenyeji wetu, ni sisi tuliompa ulimwengu. Na tumemlipa nini? Matusi. Mtu akiwa mjinga, punda. Mtu asipokuwa na shukrani, fadhila ya punda ni mateke. Mtu asipojali anayemtumikia, punda afe mzigo ufike. Katika methali zetu punda hana hata siku moja ya kupumua.

Wanasema ni mkaidi. Hapo ndipo penye kasheshe lote. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama, anakaza miguu, anatazama, anapima. Ni tabia yake ya kujilinda. Sasa wewe unayesimama nyuma yake na rungu unaona ukaidi, unampiga. Yeye anaona sababu mpya ya kuogopa, anazidi kusimama. Nawe unazidi kupiga. Mwishowe anaondoka kwa maumivu, na wewe unajisifia: 'Unaona? Haendi bila kigongo!' La hasha. Ulichothibitisha ni kwamba hukuuliza alikuwa anaogopa nini. Pengine ni dimbwi asilojua kina chake. Pengine ni kamba inayomkata. Mpe dakika mbili alitazame dimbwi, mtangulie wewe mwenyewe, halafu uone.

Kuna na la nira. Ng'ombe husukuma nira kwa bega na nundu, ndivyo alivyoumbwa. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Lakini pita barabarani penye mikokoteni ya punda katika nchi hii, utakuta kafungwa nira ya ng'ombe, mti umelala juu ya shingo yake nyembamba, unamchubua hatua kwa hatua. Kisha anapopunguza mwendo anachapwa kwa uvivu. Mkanda mpana wa kifuani, ulioshonwa kwa gunia kuukuu na kitambaa laini ndani, hauhitaji mfadhili. Unahitaji sindano na huruma.

Maksai nao ni hivyo hivyo. Wafugaji waliohamia mkoa wetu wa Kigoma wamekuja na maksai na plau, na vijana wetu wanajifunza kulima nao. Jambo jema, jembe la mkono limetuvunja viuno vya kutosha. Ila naona jinsi maksai wachanga wanavyofundishwa: wanafungwa nira siku ya kwanza, wanatiwa plau siku hiyo hiyo, vijana watatu wenye fimbo wanawazunguka wakipiga kelele. Kulikoni? Chukua wawili wanaolingana kimo. Wape majina na uwaite kwa majina hayo hayo kila siku. Wazoeshe kamba kwanza, kisha kutembea pamoja, kisha nira tupu, kisha gogo jepesi, ndipo plau. Neno moja la kwenda, neno moja la kusimama, na lisibadilike leo hivi kesho vile. Wakisimama ulipowaambia wasimame, acha kuvuta. Hiyo ndiyo dresaji. Haikuhitaji tiketi ya kwenda Lisbon.

Wala Uha haikuwa ngeni kwa jambo hili. Ng'ombe hapa alikuwa heshima, mahari na urafiki. Mchungaji wa kwetu aliyelelewa na ng'ombe anamjua kila mmoja kwa jina na rangi. Anapiga mluzi, kundi linageuka. Nimewaona wazee wa namna hiyo upande wa Heru Juu, fimbo yao ni ya kuegemea. Waulizeni wao kama ng'ombe haendi bila kigongo.

Sheria nayo iko upande wangu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Ni wangapi tunaijua? Na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, baada ya biashara ya ngozi zinazochemshwa kutengeneza dawa huko China kuwamaliza punda barani. Hapa nchini viwanda vya kuwachinja vilikuwako Dodoma na Shinyanga. Mnyama ambaye methali inasema afe ili mzigo ufike, sokoni akaonekana ana thamani zaidi akiwa maiti. Mimi naona mambo hayo mawili ni baba na mwana. Lakini pwani wametuonyesha njia nyingine: Lamu, mji wa vichochoro ambavyo punda ndiye lori lake, pana zahanati ya punda tangu mwaka 1987.

Sasa neno kwa wenzangu wa kalamu, maana gazeti hili ni letu. Nilisema nitarudia habari ya mkono wa Stanley. Kanuni za elimu nchini mwetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Lakini mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Taifa zima lilishtuka. Sikushtuka peke yangu kwa kifo. Nilishtuka nikisikia watu wazima wakisema mtoto bila fimbo hasikii. Sauti ilikuwa ile ile ya methali ya punda. Lugha ndiyo iliyoandaa mkono ule kabla haujainuka, na sisi ndio wauza lugha.

Kwa hiyo naleta hoja mbele yenu. Ukiandika hadithi na ndani yake yumo punda, usimtumie kama tusi. Mtazame. Andika masikio yake yanaelekea wapi, kwa sababu ndiko mawazo yake yaliko. Andika mzigo una kilo ngapi na nani kaufunga. Ukimweka mhusika anayempiga, sawa, watu wa namna hiyo wapo. Lakini msomaji aone kwamba aliyeshindwa ni nani. Na ukitaka shujaa, si lazima awe mwenye bastola. Mpe kijana wa kijijini maksai wawili ambao kila mtu amesema ni vichaa, mpe msimu mmoja wa mvua na kamba, mnyime fimbo. Hapo una riwaya nzima, tena ngumu kuliko ya majambazi, maana itakubidi uijue subira kutoka ndani.

Mtakaosema methali za wahenga haziguswi, nawajibu mapema: wahenga walikuwa watu, na mtu aliyechoka jioni akiwa na mzigo na punda aliyesimama anaweza kusema lolote. Yeye alisema mara moja. Sisi tumelikariri bila kulipima.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kuipinga aandike. Ila kabla hajashika kalamu, atoke nje akamtafute punda mmoja, amwite kwa upole, asubiri.